Kusukwa Nywele Kilembe

Mume wangu alizaliwa Kilembe, kwenye kambi ya wachimbaji wa shaba chini ya milima ya Rwenzori, na kwa miaka yote ya ndoa yetu sikuwahi kupaona. Mimi ni mtu wa Kampala. Babu zangu walikuja na biashara ya nguo kutoka pwani, wakajenga nyumba kule Kampala ya zamani karibu na msikiti, na mpaka leo ndugu zangu wanauza vitambaa. Kwetu Kiswahili kilikuwa lugha ya nyumbani na ya madrasa. Kwa mume wangu kilikuwa lugha ya kambi. Baba yake alitoka Maniema, upande wa Kongo, akashuka shimoni pamoja na Wakiga, Wanyarwanda, Wakonjo na watu wa kila namna, na kilichowakutanisha wote kilikuwa Kiswahili kisichojali ngeli. Alipokuja kuniposa, kaka zangu walimsikia akisema "viatu yangu" wakatazamana. Baba aliwanyamazisha baadaye kwa kusema kwamba kijana ana adabu, hayo mengine atajifunza. Hakujifunza, nami nikazoea.

Sasa tumezeeka. Tunaishi Mbuya, hukuhuku Kampala, upande wa mteremko ambako upepo haukatiki, na mume wangu amestaafu ufundi wa umeme ingawa majirani bado humwita taa zao zikigoma. Mjukuu wetu wa kike, ambaye sasa ana miaka saba, hukaa nasi siku za shule kwa sababu wazazi wake hurudi kutoka kazini wamechelewa. Mama yake ni Mtooro, kwa hiyo kila likizo mtoto hupelekwa Fort Portal kwa bibi yake wa huko. Likizo iliyopita mama yake hakupata ruhusa kazini, na mwanangu akasema atampeleka yeye kwa gari, sisi nasi twende tukawasalimu wakwe. Hatukuwa tumewatembelea tangu arusi. Niliona ni jambo la heri, nikanunua vitu vya kubeba pale soko la Nakasero, tukaondoka.

Kilembe haikuwemo kabisa katika safari hiyo. Iliingia mezani asubuhi ya pili, tukinywa chai. Mkwe wetu, mjane mwenye sauti ya upole, alimwuliza mume wangu kama bado ana watu Kilembe, maana kutoka kwake si mbali, mtu huenda na kurudi siku hiyohiyo. Mume wangu akajibu kwamba hana mtu. Mgodi uliposimama, baba yake alihamishia familia Kampala, yeye mwenyewe wakati huo alikuwa shule ya bweni, na hakupata hata nafasi ya kuaga. Miaka imepita arobaini na zaidi. Alisema yote hayo huku akipaka siagi kwenye mkate, kama mtu anayesimulia habari za jirani.

Mjukuu wetu alikuwa akisikiliza. Akauliza, "Babu, kwani nyumba yenu nani anaikaa sasa?"

Mume wangu akasema hajui.

"Si twende tukamwulize?"

Mwanangu akacheka, akatazama saa, akasema gari lina mafuta. Mimi nilimtazama mume wangu. Nilitarajia atoe udhuru, kwa kuwa nimemsikia akitoa udhuru wa Kilembe mara nyingi, mara barabara, mara mvua, mara mgongo. Safari hii aliweka kisu chini akasema, basi, twendeni. Mkwe hakutaka tuondoke mikono mitupu. Kuku wa jana yake, ambaye jirani Mwislamu aliitwa aje kumchinja kwa ajili yetu, alikuwa amebaki nusu, akamfunga kwenye majani ya ndizi pamoja na viazi, akamkabidhi mtoto abebe.

Njia ile inaanzia kwenye ubaridi na mashamba ya chai, kisha inateremka mpaka mtu anaanza kufungua vifungo. Milima ilikuwa kulia kwetu muda wote, imejifunika mawingu. Mume wangu alikaa mbele na mwanangu. Mtoto alitaka kujua kama tutaona shaba na kama tukiiokota tutakuwa matajiri. Babu yake akamwambia kwamba shaba anaiona kila siku, imo ndani ya nyaya za taa za chumbani kwake, na huenda nyingine aliichimba babu yake mkubwa. Jibu hilo halikumridhisha. Alitaka shaba ya kuokota.

Tulipopita mji wa Kasese na kuanza kupanda kuelekea Kilembe, bonde likabana. Kushoto mlima, kulia mlima, katikati mto wenye mawe meupe, mengine makubwa kama mbuzi, mengine kama gari letu. Kisha majengo ya mgodi yakatokea ubavuni mwa mlima, mabati yamekula kutu, madirisha hayana vioo. Mume wangu akakaa wima. Akaanza kutuonyesha: pale walipokea mshahara, pale palikuwa na sinema ya Jumamosi, pale king'ora kilipolia hata wanawake waliokuwa wakikorofishana bombani walinyamaza. Halafu akamwambia mwanangu akate kushoto. Kushoto hapakuwa na njia. Akamwambia arudi kidogo, labda tumepita. Tukarudi. Tukaenda tena. Alikuwa akitafuta daraja fulani, na zaidi ya daraja, laini aliyokulia. Kambini waliita laini zile safu za nyumba za wafanyakazi, nyumba imebandikana na nyumba. Yao ilikuwa nyumba ya mwisho.

Mwanangu alisimamisha gari kando ya mwanamke aliyekuwa akikaanga kabalagala, zile chapati ndogo nene za ndizi na unga wa muhogo. Alikuwa mwanamke wa makamo aliyeelekea uzee, amefunga kanga kiunoni, mikono ina nguvu. Mume wangu akamsalimia, akamwuliza ilipo laini iliyokuwa karibu na bomba la maji, chini ya zahanati. Mwanamke akapindua chapati kwanza, kisha akajibu kwa Kiswahili kilekile cha mume wangu.

"Ile laini iliendaga na maji, mzee. Mto ilikuja na mawe usiku, ikabeba yote. Watu walikimbia. Lakini nyumba, hapana, hakuna hata moja."

Akanyoosha mkono kuonyesha mahali penyewe. Palikuwa mtoni. Sehemu ile pana yenye mawe meupe, tuliyoiona tukidhani ni mto tangu zamani, ndiyo ilikuwa laini.

Habari za mafuriko tulizisikia redioni zilipotokea. Nakumbuka mume wangu aliongeza sauti siku ile, akasikiliza mpaka mwisho, akaizima. Nadhani alijiambia kwamba mto uliobeba watu na nyumba ni sehemu nyingine ya mto. Sasa alishuka kwenye gari akasimama ukingoni, mikono nyuma. Mwanangu alitaka kumfuata, nikamshika mkono nikamwambia amwache kidogo. Sikuwa na wasiwasi naye. Namjua mume wangu, huzuni yake huwa ya mtu aliyesimama, haimwangushi.

Asiyejua kumwacha mtu alikuwa mjukuu wetu. Alikwenda akasimama pembeni yake, naye mikono nyuma, akamwuliza nyumba ilikuwa wapi hasa. Babu yake akamwonyesha kwa kidevu, pale kwenye jiwe lile lenye mstari mweusi, au mbele yake kidogo. Maji yenyewe yalikuwa yamejitenga upande wa pili, membamba, na upande wetu ulikuwa mkavu. Kabla sijasema neno mtoto ameshateremka. Alifika kwenye lile jiwe akageuka.

"Babu, hapa ni sebuleni au ni jikoni?"

Mume wangu akafikiri. Akamwambia asogee kulia. Kulia tena. Hapo ni mlangoni. Kisha akaona kumwelekeza kwa mbali hakufai, akaanza kuteremka mwenyewe, na goti lake lile. Mwanangu akamshika kiwiko mpaka chini. Nilikaa kwenye ukingo nikawaona wanaume wangu wawili na mtoto wakizunguka kwenye mawe kama watu waliopoteza funguo. Baada ya muda nikaona wanafanya nini. Mume wangu alikuwa akitembea kwa hatua za pole, akisimama, akionyesha, na mtoto alikuwa akipanga mawe madogo kufuata kidole chake. Ukuta. Ukuta mwingine. Nafasi ya mlango. Chumba cha wazazi, na chumba kidogo alicholala yeye na kaka yake, marehemu sasa, kitanda kimoja, kichwa kwa miguu.

Yule mwanamke wa kabalagala aliondoa karai motoni akaja kusimama karibu nami. Alitazama kwa muda, kisha akapaza sauti akasema choo hakikuwa upande huo, vyoo vya laini ile vilikuwa upande wa mlima. Mume wangu akainua kichwa. Akasema ni kweli, amegeuza. Akamwuliza amejuaje. Mwanamke akasema yeye ni mtoto wa laini iliyofuata, na bomba lilikuwa moja. Akateremka. Nami nikajikusanya nikashuka nyuma yake, nikiona aibu kubaki juu peke yangu kama mgeni wa heshima.

Walianza kuulizana kama watu wa kambi wanavyoulizana, baba yako alikuwa shimoni au karakana, zamu gani. Baba wa mume wangu, yule mwanamke hakumkumbuka kabisa. Mume wangu akataja jina la utani aliloitwa, halikumsaidia. Kisha mwanamke akayatazama yale mawe, akasogea mpaka kwenye nafasi ya mlango.

"Nyumba ya mwisho," akasema. "Ni ya yule mama mrefu? Mwenye vijana wawili tu, hana msichana?"

Mume wangu akasema ndiye.

"Mama yako alinisuka mimi. Kila Jumapili. Alisuka laini yote."

Akatueleza. Wasichana wa laini zile walikuwa wakikaa foleni mlangoni hapo tangu asubuhi, kila mmoja na kichana chake, na yule mama alikuwa akiwaweka mmoja mmoja katikati ya magoti yake. Hakutaka kitu kwa mama zao. Alikuwa akisema Mungu amemnyima binti akampa ishirini. Ukilia alikubana kwa magoti, ukinyamaza alikupa muwa. Mume wangu alisikiliza mdomo wazi. Alisema alikumbuka kelele za Jumapili na kwamba yeye na kaka yake walikuwa wakifukuzwa nje, ila hakuwahi kujua wanafukuzwa kupisha nini. Watoto wa kiume huona mpira.

Mimi ndiye niliyeguswa zaidi. Mama huyo nilikaa naye nyumba moja miaka ya mwisho ya maisha yake. Nilimwogesha, nilimpikia, nilimheshimu, lakini siwezi kusema nilimjua. Alikuwa mkimya, mkali wa macho, vidole vimepinda kwa ugonjwa wa viungo, hata kikombe alikishika kwa mikono miwili. Nami nikazaa wavulana watupu, kwa hiyo nyumbani kwetu hapakuwa na kichwa cha kusuka. Hakuwahi kutamka neno kuhusu nywele. Nilisimama katikati ya mawe yale nikijaribu kumwona na vidole vilivyonyooka.

Mjukuu wetu alikuwa amefikia jambo lingine kabisa. Alimwuliza mwanamke ni msuko wa namna gani. Shuleni kwao wasichana hufunika vichwa, hawanyolewi kama shule nyingine, kwa hiyo mama yake amemwachia nywele zikue, na siku ile zilikuwa zimefungwa mafungu mawili tu kwa haraka ya likizo. Mwanamke akasema msuko ule waliuita kupanda mlima. Misuko mingi huanzia kwenye paji la uso ikirudi nyuma. Huo ulianzia kisogoni ukipanda, mistari yote ikakutana utosini. Akamwuliza mtoto, anataka? Mtoto akanitazama mimi. Nikatikisa kichwa kukubali.

Hapo walikuwa wamefika watoto wa jirani waliovutwa na gari geni. Mmoja alitumwa kichana na mafuta. Mwanamke akachagua jiwe la kukalia, ndani ya mawe yetu, karibu na mlango, akamweka mjukuu wangu chini katikati ya magoti yake. Nilikaa mbele yao. Mwanangu akaona shughuli ile itachukua muda, akamwambia baba yake waende wakaone mdomo wa mgodi.

Yaliyotokea huko nilisimuliwa na mwanangu. Lango la chuma lilikuwa limefungwa, mlinzi akawaruhusu wasimame mbele yake. Hewa baridi ilikuwa ikitoka ndani, baridi ya kisima, na jua lote lile limewaka nje. Baba yake akaweka kiganja kwenye chuma. Akamwambia mwanangu jambo ambalo hata mimi sikuwahi kuambiwa, kwamba alipokuwa mdogo alikuwa akitumwa kumpelekea baba yake chakula jioni, na alikuwa akisimama pale kusubiri zamu itoke. Wanaume walitoka kwenye giza, huoni mtu, unaona taa za vichwani tu. Baba yake alikuwa na mguu mmoja mfupi kidogo, kwa hiyo taa yake ilikuwa ikipanda na kushuka kuliko za wenzake. Alikuwa akiijua tangu mbali. Akishaiona tu, alianza kulalamika njaa.

Mwanangu alisema alitaka kumwuliza mengi, lakini baba yake alikuwa akitabasamu, akaona amwache atabasamu.

Kule mtoni kazi iliendelea. Yule mwanamke alisuka upesi, akiongea nami bila kutazama mikono yake. Alinieleza maisha yake kwa ufupi. Baba yake alikataa kuondoka mgodi uliposimama, akalima mteremko, akafia hapohapo. Yeye aliolewa hapo, akazaa hapo, mto ulimchukulia shamba la chini na kumwachia la juu. Hakulalamika. Alisema anapenda ubaridi wa asubuhi, na kwamba watu wa Kasese mjini wanaungua na jua kama mihogo. Aliniuliza Kampala tunaishije na moshi ule. Nikamwambia tunaishi tu. Mjukuu wangu alilia mara moja, alipofikiwa nyuma ya sikio. Mwanamke akambana kwa magoti, akacheka mwenyewe kwa kujishtukia, akaniambia muwa ndio hana.

Alikuwa amebakiza mistari miwili hivi aliponyamaza akatazama juu. Mawingu milimani yalikuwa yamegeuka rangi.

"Mlima imefunga," akasema. "Tupande. Hii mto haibishi hodi."

Tulipanda wote, watoto wa jirani wakinivuta mkono. Mistari iliyobaki aliimaliza juu, kwenye benchi lake kando ya karai. Wanaume waliporudi walimkuta mjukuu wetu amekaa shingo imenyooka, kama mtu aliyebeba maji kichwani. Mume wangu alimzunguka. Alimtazama kwa mbele, akamtazama kwa nyuma, akagusa pale mistari ilipokutana. Tukafungua kuku wa mkwe tukala na yule mwanamke na wale watoto wa jirani, na kabalagala za moto juu yake. Mvua haikufika chini. Mto uliongezeka kidogo tu, ukapata rangi ya chai ya maziwa, ukapita kwenye vyumba vyetu bila kuhamisha jiwe tuliloweza kuona.

Tulipoagana, mwanamke alimshika mume wangu mikono yote miwili akamwita kaka. Walipeana nambari za simu. Hadi leo huzungumza, na mume wangu akizungumza naye hutoka barazani, husema kwa sauti kubwa, na ngeli zake zote huanguka.

Fort Portal tulifika jua halijazama. Mkwe wetu alitupokea mlangoni, akamgeuza mjukuu kumwangalia kichwa, akasema hajaona msuko wa namna hiyo hapa kwao, ni wa nani? Mtoto akajibu bila kusita kwamba amesukwa na mama yake Babu. Mkwe alinitazama, maana mazishi ya mama huyo alihudhuria mwenyewe pale Kampala. Ilinibidi nikae nieleze tangu mwanzo, na nilipofika kwenye habari ya muwa alicheka mpaka akafuta macho. Mume wangu alikuwa amekaa pembeni, viatu amevua, goti amelinyoosha juu ya kiti. Nilimwuliza kama linamuuma. Akasema linamuuma sana, na akaomba chai nyingine.

Ule msuko mtoto alikataa ufumuliwe likizo yote. Tuliporudi Mbuya alianza nao shule, umefichwa chini ya ushungi, na nywele changa zimeshachomoza kila upande. Hatimaye Jumamosi moja mama yake alisema imetosha. Niliomba kazi hiyo nifanye mimi. Nilikaa naye barazani, nikafumua mstari mmoja mmoja polepole, si kwa kumhurumia, nilitaka kuona ulivyokwenda. Kisha nikajaribu kuurudia. Mikono yangu ilizoea mkasi na vitambaa, haikuzoea hilo. Mistari ya kwanza ilipinda kama njia ya mbuzi, na mtoto akijishika kichwa alikuwa akiniambia hapa si hivyo, Bibi.

Mume wangu alikuwa kwenye kiti chake akitengeneza pasi ya jirani. Kisha akaweka bisibisi chini, akainama kuangalia kisogo cha mtoto.

"Anzia chini zaidi," akasema. "Karibu na shingo. Mama alikuwa akianzia pale, dada wa Kilembe ameniambia."

Nikaufumua ule mstari, nikasogeza kichana chini.